Mtu, Kibanda na Kaya: Historia ya Uandikishaji wa Watu katika Nyanda za Juu za Kigoma na Ulinganisho wa Zana za Kusanifu Hifadhidata

1.0 Utangulizi

Ulinganisho wa programu za kuchora modeli za data kwa kawaida huanzia kwenye programu zenyewe: bei yake, mifumo ya hifadhidata inayopatana nayo, urahisi wa kuitumia, na uwezo wake wa kugeuza mchoro kuwa majedwali. Vigezo hivyo vina manufaa, lakini havionyeshi kile kinachompata mtu ambaye jina lake limo ndani ya jedwali. Insha hii inaanzia upande huo wa pili. Inachunguza jinsi watu wa nyanda za juu za Kigoma, hususan Makere na maeneo ya Kasulu na Kibondo, walivyoandikishwa kwa vipindi tofauti, kisha inatumia historia hiyo kama kipimo cha kulinganisha zana nne: ERwin, PowerDesigner, Oracle SQL Developer Data Modeler na MySQL Workbench.

Makere, katika Wilaya ya Kasulu, ipo kando ya barabara inayotoka Kasulu kwenda Kibondo, na ni jirani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu wakazi wake wamehamahama na kuhamishwa mara nyingi, na kila uhamisho ulifuatwa na orodha mpya. Hoja kuu ni kwamba kila orodha ilikuwa na modeli ya data hata kabla ya kompyuta kuwapo, na kwamba swali lililojitokeza katika vipindi vyote ni moja: je, mtu anaweza kuhama kutoka kundi moja hadi jingine na kubaki mtu yuleyule katika kumbukumbu?

2.0 Kibanda na Nyumba kama Kipimo

Utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Waingereza waliendeleza msingi huo kwa Sheria ya Kodi ya Vibanda na Vichwa ya mwaka 1922, ambayo ilimtoza mwenye kibanda kwa kila kibanda, na kumtoza kodi ya kichwa mwanamume mzima asiye na kibanda. Kwa lugha ya usanifu wa hifadhidata, kitu kilichowekewa kumbukumbu, yaani huluki, kilikuwa kibanda. Mtu alionekana kupitia kibanda chake. Mume mwenye wake wawili waliokaa katika vibanda viwili alihesabiwa mara mbili, ilhali wazee na watoto waliolala ndani ya kibanda hicho hawakuwa na mstari wao wenyewe katika daftari.

Modeli hiyo ilikuwa na athari za moja kwa moja kwa Buha. Wanaume walisafiri masafa marefu hadi mashamba ya mkonge kutafuta fedha, na miongoni mwa sababu kuu ilikuwa kodi. Aliyeondoka alikuwa mbali, lakini kibanda chake kilibaki mahali pake pamoja na deni lake. Daftari liliweza kueleza kibanda kilipo. Halikuweza kueleza mwenyewe yuko wapi na tangu lini.

Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kwenye makazi ya pamoja ili kuzuia ugonjwa wa malale. Baada ya uhuru, TANU ilijenga mfumo wa mashina ya nyumba kumi, na mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha wananchi kwenye vijiji vya ujamaa. Malengo ya hatua hizi yalitofautiana sana: kodi, afya, siasa na maendeleo. Hata hivyo, zote ziliwatambua watu kwa kupitia mahali na nyumba. Nyumba ilipovunjwa na kujengwa kwingine, kiungo kati ya orodha ya zamani na orodha mpya kilibaki katika kumbukumbu za wazee na viongozi, wala si katika daftari.

3.0 Kadi ya Kaya na Hifadhidata ya Kambi

Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 na vita vilivyofuata viliwaleta Warundi wengi Kigoma. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Katika mazingira ya dharura, kupima kwa kaya kulikuwa na mantiki: chakula hutolewa kwa kadi, na kiasi chake hukokotolewa kwa idadi ya watu waliomo kwenye kadi hiyo. Kadi moja humwezesha mtu mmoja kupokea kwa niaba ya wengi, na foleni hupungua.

Kasoro yake huonekana kaya inapobadilika. Iwapo mtu anatambuliwa kwa namba ya kadi pamoja na namba ya mstari wake ndani ya kadi, basi utambulisho wake ni sehemu ya kaya. Anapoolewa, anapoachika au anapobaki yatima, hawezi kuhamishwa. Inambidi afutwe hapa na kuandikwa upya kule. Kati ya kufutwa na kuandikwa upya kuna siku, na pengine wiki, ambazo mtu huyo hana mgao wake mwenyewe.

Mwaka 2001 Kamati Tendaji ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ilipitisha Hitimisho Namba 91 kuhusu uandikishaji, ambalo lilihimiza kila mkimbizi aandikishwe kama mtu binafsi. Kanuni hiyo ilifuatwa na programu iitwayo proGres, iliyoanza kusambazwa mwaka 2004. Katika programu hiyo kila mtu alipewa namba yake, na papo hapo akawekwa katika kundi la uandikishaji lenye namba yake na mkuu wake. Matoleo ya awali yalikuwa na hifadhidata katika kila kituo. Toleo la nne likaziunganisha katika mfumo mmoja unaofikiwa kwa mtandao.

Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye skrini. Kwa mara ya kwanza mtu na kundi lake vilikuwa huluki mbili tofauti. Umuhimu wake ulidhihirika kuanzia Aprili 2015, Warundi walipokimbia tena. Nyarugusu ilipokea Warundi pamoja na Wakongo, kisha kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya ili kuipunguzia msongamano. Watu waliofika pamoja walitenganishwa na kambi, wengine wakaungana kwa ndoa, na kuanzia mwaka 2017 wengine wakaanza kurejea Burundi kwa hiari.

Pamoja na hayo, dalili za modeli ya kale zilisalia. Desturi ya kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kundi humfanya mkuu kuwa nguzo ya maelezo yote. Mkuu akifariki au akirejea kwao, maneno kama "mke", "mtoto" na "mjukuu" hupoteza kiegemeo chake, na inabidi uhusiano wote uandikwe upya kwa kumtazama mtu mwingine.

4.0 Zana Nne Mbele ya Swali Moja

Ili kulinganisha zana, tuchukue mfano wa kubuni. Binti aliyeandikishwa katika kaya ya babu yake anaolewa na kuhamia kaya ya mume. Baada ya mwaka ndoa inavunjika naye anarudi kwa babu. Hifadhidata inapaswa kueleza mambo matatu: kwamba binti ni yuleyule, kwamba alikaa katika kaya mbili kwa vipindi vitatu, na kwamba kipindi cha tatu ni tofauti na cha kwanza.

ERwin ilitengenezwa na kampuni ya Logic Works na inahusishwa sana na IDEF1X, mtindo wa uchoraji uliotokana na mradi wa Jeshi la Anga la Marekani. Mtindo huu hutenganisha uhusiano unaotambulisha, unaochorwa kwa mstari usiokatika, na usiotambulisha, unaochorwa kwa mstari wa vipande. Msanifu akichora kaya na mtu kwa mstari usiokatika, namba ya kaya huingia ndani ya ufunguo mkuu wa mtu, na kadi ya mwaka 1996 huzaliwa upya ndani ya kompyuta. Ubora wa mtindo huu ni kwamba kosa hilo huonekana kwa macho: huluki tegemezi huchorwa kwa pembe za mviringo. Mkaguzi makini anaweza kuuliza kwa nini mtu amechorwa kama tegemezi wa kaya.

MySQL Workbench, ambayo hupatikana bila malipo na kwa hiyo huvutia vyuo na ofisi zenye bajeti ndogo, nayo inatofautisha aina hizo mbili. Lakini inafanya kazi karibu kabisa katika ngazi ya majedwali, bila ngazi ya dhana inayotangulia. Msanifu akichagua uhusiano wa wengi kwa wengi, programu huunda jedwali la kati lenye ufunguo uliojengwa kwa funguo mbili tu: ya mtu na ya kaya. Jedwali hilo litakubali binti ahamie kwa mume, lakini litakataa arudi kwa babu, kwa kuwa mstari wa binti na babu tayari upo. Tarehe ya kuanza inapaswa kuongezwa katika ufunguo kwa mkono, na programu haimkumbushi msanifu.

PowerDesigner ina asili ya Ufaransa, ambako ilianza kwa jina la AMC*Designor kabla ya kupitia Powersoft na Sybase na hatimaye SAP mwaka 2010. Asili hiyo iliiunganisha na Merise, mbinu ya Kifaransa ya usanifu iliyoanza miaka ya 1970. Katika Merise, uhusiano unaweza kuwa na sifa zake na kuunganisha huluki zaidi ya mbili. Mafunzo yake ya kawaida humwelekeza mwanafunzi kuichora Tarehe kama huluki pale tukio linapoweza kujirudia. Mtu, Kaya na Tarehe huunganishwa na uhusiano mmoja, Kukaa, wenye sifa ya siku ya kuondoka. Muda huonekana kwenye mchoro kabla ya jedwali lolote kuundwa.

Oracle SQL Developer Data Modeler, ambayo pia hutolewa bila malipo, inaruhusu kuchora kwa mtindo wa Richard Barker. Mtindo huo una alama ndogo ya almasi inayosema kwamba uhusiano hauhamishiki: kikishafungwa hapa, kitu hakiwezi kupelekwa kwingine. Kwa hiyo alama hii inauliza kwa uwazi swali ambalo historia ya Makere imeliuliza kwa karne nzima. Upungufu wake ni kwamba kuruhusu kuhama hakutoshi kuhifadhi historia ya kuhama. Kaya mpya inaweza kufuta ya zamani bila kuacha alama.

5.0 Hitimisho

Ulinganisho huu hauonyeshi kwamba zana moja inashinda nyingine zote. Unaonyesha kwamba zana zinatofautiana katika kile zinachokifanya kuwa chepesi. ERwin hufanya utegemezi uonekane. Mtindo wa Barker huuliza kuhusu kuhama. Merise ndani ya PowerDesigner huleta muda mapema. Workbench hufika haraka kwenye jedwali, na haraka hiyo ndiyo gharama yake. Ofisi isiyo na uwezo wa kulipia leseni inaweza kuchora ngazi ya dhana kwa karatasi au kwa zana ya Oracle, kisha ikaunda majedwali kwa Workbench, mradi ufunguo wa jedwali la ukaazi uwe na tarehe.

Funzo la kihistoria ni pana zaidi. Mtoza kodi wa mwaka 1922 na msanifu wa hifadhidata ya kambi walikabiliwa na uamuzi uleule: ni kitu gani kipewe namba, na kipi kitambuliwe kupitia kingine. Uamuzi huo huchorwa kwa mstari mmoja mfupi, lakini huamua kama yatima ana mstari wake au ni sehemu ya kadi ya marehemu. Katika eneo ambalo watu wamehamishwa kwa sababu ya malale, ujamaa na vita, uwezo wa kuhama bila kufutwa unapaswa kuwa kigezo cha kwanza cha kupima modeli ya data, kikitangulia kasi, bei na mwonekano wa mchoro.