Hati ya kimila: karatasi inayolinda shamba lako Mara

Shamba la mihogo Butiama au la pamba Bunda linaweza kulimwa na familia moja tangu enzi za babu, halafu ndugu mmoja akaliuza kwa karatasi ya mkono. Kinga ipo: Hati ya Hakimiliki ya Kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipinga ardhi kumilikiwa na mtu moja kwa moja tangu kijitabu chake cha 1958. Kwa hiyo unachomiliki ni haki ya kutumia. Hati za mjini, mfano Manispaa ya Musoma, zina kikomo, kama miaka 33, 66 au 99. Ya kimila inaweza kutolewa bila kikomo.

Unaipataje? Kijiji kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji. Unaomba halmashauri ya kijiji, majirani wanaitwa shambani, mipaka inahakikiwa. Hapo usitume mtoto, nenda mwenyewe. Jiwe likihama hatua tatu leo, kulirudisha ni kesi. Mwenyekiti na mtendaji wakishasaini, ofisa ardhi wa wilaya anagonga muhuri na kusajili.

Kina mama msikilize hapa. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu kisheria, hata wazee wa ukoo wakisema vingine. Hati inaweza kuandikwa majina mawili, ya mume na mke. Majina mawili ni bora: mume akifariki, shemeji hana pa kuanzia.

Vipi mkopo? MKURABITA, ulioanza 2004, ulilenga hati hizi ziwe mtaji. Kisheria unaweza kuiweka rehani. Ila benki nyingine husita, maana mkopo ukishindikana, kumuuzia shamba mtu wa nje kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Uliza benki kwanza.

Mgogoro ukitokea, anza na baraza la ardhi la kijiji: wajumbe saba, watatu wanawake. Linasuluhisha, halihukumu. Tangu 2021 hata baraza la kata linasuluhisha tu. Usuluhishi ukikwama, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ukiwa na hati mkononi.