Nani Hajarudi? Habari za Daftari na Kipande katika Mashindano ya Mashua Ndogo

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mashindano ya mashua ndogo za tanga, wala si habari za ushindi wake. Twataka kueleza habari za daftari lililo mezani karibu na mlango wa chama, na za kipande chenye nambari kinachotundikwa kwenye ubao wa misumari. Ni vitu vidogo, na mshindani mwenye haraka huviona kuwa udhia mtupu. Lakini ndivyo vinavyomwezesha msimamizi, jua linapokaribia kuchwa, kujibu swali moja: je, yuko mtu ambaye hajarudi?

Zamani swali hilo halikuwa gumu. Mashindano ya vyombo vya tanga yalikuwapo Ulaya siku nyingi, lakini vyombo vile vilikuwa vikubwa, mali ya matajiri, na ndani yake mlikuwa na mabaharia wa mshahara. Chombo kama hicho hakipotei pasipo kuonekana. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1887, katika bandari ya Kingstown karibu na Dublin, ambayo sasa yaitwa Dún Laoghaire. Huko watu waliunda chama cha Water Wags, na shauri lao lilikuwa jipya kabisa: mashua zote ziwe ndogo, za namna moja, ili ashinde aliye hodari wala si aliye na fedha nyingi. Shauri hilo likaenea. Baada ya Vita vya 1939 hata 1945, mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji zilirahisisha sana kazi ya uundaji. Mwaka wa 1949 ikatokea mashua iitwayo GP14. Mwaka wa 1962 ikatokea Mirror, ambayo mtu aliweza kuiunda nyumbani kwake kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, na za namna hiyo zimeundwa zaidi ya 70,000. Basi maziwa na ghuba za Uingereza zikajaa matanga ya makarani, mafundi, walimu na watoto wao.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Mashua ya namna hii huchukua mtu mmoja au wawili. Yapinduka kwa urahisi, na kupinduka si ajabu wala aibu. Ni sehemu ya mchezo. Mara nyingi wenyewe huisimamisha tena na kuendelea. Lakini ikiwa mashua 40 zimo majini na upepo umechafuka, nani atatambua ya kwamba moja haikusimama? Kichwa cha mtu kati ya mawimbi huonekana kama nazi inayoelea, tena kwa muda mfupi tu. Na katika maji ya baridi kama yale ya Ulaya, yenye joto la digrii 10 hivi, dakika kumi zaweza kutosha kuvifanya vidole vikose nguvu ya kushika kamba. Jaketi la kuokolea humzuia mtu asizame. Halimwambii mtu yeyote ufukoni kwamba yupo pale.

Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa na shida iyo hiyo kabla ya wenye mashua, yaani mtu ameingia mahali asipoonekana. Nao walipata dawa yake katika karne ya kumi na tisa. Kila mchimbaji alikuwa na kipande cha shaba chenye nambari yake. Alipokwenda kushuka shimoni alikitoa na kupewa taa. Alipopanda alirudisha taa na kukipata kipande chake. Shimo lilipolipuka, watu hawakuwa na haja ya kuulizana majina kwa kilio, walitazama ubao. Mwaka wa 1913 jambo hili lilifanywa kuwa lazima katika machimbo ya Uingereza, na mwaka huo huo, tarehe 14 Oktoba, mlipuko wa Senghenydd katika nchi ya Wales uliua wachimbaji 439.

Twajua ya kuwa neno kipande lina uchungu kwa wazee wengi wa Kenya, waliolazimishwa kukivaa shingoni tangu mwaka wa 1920 hivi hata mwaka wa 1947. Kipande kile kilikuwa cha kumshika mtu asiiache kazi ya bwana wake. Hiki tunachokitaja leo ni cha kumtafutia mtu aliyepotea, na heri tusivichanganye.

Katika vyama vya mashua mambo huendeshwa hivi. Kabla ya kushusha mashua, nahodha huandika daftarini jina lake, jina la mwenzake, na nambari iliyo juu ya tanga. Mahali pengine huchukua kipande kutoka katika ubao na kukifunga mkononi au kwenye jaketi. Mashindano yanapoanza, msimamizi huandika nambari za matanga yaliyopita mstari wa kuanzia. Yanapokwisha huandika yaliyofika. Mashua ikiacha mashindano njiani, nahodha wake hana budi kumwarifu msimamizi upesi iwezekanavyo. Akifika pwani hutia sahihi ya kurudi, au hukirudisha kipande penye msumari wake. Hizo ni hesabu kadhaa za watu wale wale, na hatari hukaa katika tofauti kati ya hesabu moja na nyingine.

Sisi tulio walimu twafahamu ya kwamba kuita majina asubuhi ni rahisi kuliko kuita majina jioni. Asubuhi kila mtoto ataka aonekane amekuja. Kadhalika mshindani hasahau kujiandikisha anapotoka, kwa kuwa asipojiandikisha hahesabiwi katika mashindano. Lakini akirudi amelowa, anatetemeka, mikono imekufa ganzi, na aliyeshindwa ana hasira tena. Huivuta mashua yake mpaka mahali pake, huvaa nguo kavu, huondoka. Kipande kimo mfukoni. Msimamizi aona msumari mmoja mtupu. Hutazama kwanza vigari vya kushushia mashua, maana kigari kitupu kando ya maji ni ushahidi kwamba mwenyewe angali majini. Huuliza katika chumba cha kubadilishia nguo. Hupiga simu. Asipopata jibu, hutuma mashua ya uokozi, na huwaita walinzi wa pwani.

Ndipo huja adhabu, na juu ya adhabu hii pana ubishi mwingi. Vyama vingine humwongezea mkosaji nafasi katika matokeo. Vingine humhesabu kama asiyeshindana kabisa, hata akiwa amefika wa kwanza. Wapo wasemao ni dhuluma kumnyang'anya mtu ushindi alioupata kwa ustadi wake kwa sababu ya kalamu, nao huitaja kanuni ya michezo hii isemayo kwamba uamuzi wa kuingia mashindanoni au kuendelea ni juu ya mashua yenyewe. Kanuni hiyo ni ya kweli. Lakini kwa maoni yetu hawa wameipima dhuluma upande mmoja tu. Mashua ya uokozi inayomtafuta mtu aliyekwisha fika nyumbani anakunywa chai haiwezi kuwa karibu na yule aliyekwama chini ya tanga. Mwenye kusahau amekula muda wa mwenzake. Na ukimwomba tu kwa upole, atasahau tena Jumapili ijayo. Ukimwondolea ushindi mmoja, hasahau maisha yake yote.

Umuhimu wa hesabu huonekana siku ya dhoruba. Mwezi wa Agosti 2011, katika ghuba ya Strangford huko Ireland ya Kaskazini, mashua za GP14 zaidi ya 80 zilikuwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, upepo ukazidi ghafula, na nyingi zikapinduka kwa pamoja. Wengine walitibiwa kwa sababu ya baridi, lakini hakuna aliyekufa. Tarehe 25 Aprili 2015, katika ghuba ya Mobile nchini Marekani, vyombo zaidi ya 100, vingi vikubwa kuliko hivi, vilikutwa na tufani. Watu 6 walikufa, na idadi ya waliopotea haikuweza kujulikana upesi. Kuhesabu vichwa bila majina nako hakutoshi: tarehe 25 Januari 1998, pwani ya Queensland huko Australia, wazamiaji wawili, mume na mke, waliachwa baharini kwa sababu hesabu ilikosewa chomboni. Siku mbili zilipita kabla ya watu kutambua ya kwamba hawapo. Hawakuonekana tena.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali, kwa kuwa hapana daftari la kuisahihisha.

Katika vyama vilivyo makini, msimamizi haruhusiwi kuondoka pwani mpaka kila msumari uwe na kipande chake. Mashindano yamekwisha, kombe limetolewa, watu wamekwenda zao, naye angali ameketi mbele ya ubao, akingoja nambari moja.