Maneno Kumi na Manne

Katika sanduku la bati alilotuachia babu kuna fomu moja ya simu, karatasi yake imeshageuka rangi ya uji wa mtama. Wazee wa Dodoma wakisema simu wanapozungumzia miaka ile, hawana maana ya simu ya kuongea. Neno lenyewe tulilipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya, na kwa muda mrefu kupata simu kulikuwa kupata karatasi: fulani mgonjwa, fulani amefariki, njoo na treni ya kesho. Juu kabisa ya fomu, kabla ya ujumbe wenyewe, pana kisanduku kidogo cha idadi ya maneno. Babu ameandika 14. Pembeni yake, kwa penseli, ipo 13 iliyokatwa.

Mimi naandika programu kwa lugha ya C, hapa hapa Dodoma. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba kisanduku kile ndicho kazi yangu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Njia ilikuwa moja, na treni inayokwenda haikuweza kupishana na inayorudi ila stesheni. Kwa hiyo treni haikuondoka Bahi kabla Kintinku hawajajua, na waya ulilazimika kuandamana na reli nguzo kwa nguzo, kupita mbuga za Ugogo na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Katika miaka ya 1950, chini ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, babu alikuwa mpiga simu katika moja ya stesheni hizo ndogo. Meza, kiti, taa ya mafuta, na kidude cha shaba cha kugongea.

Lugha ya Morse haina karatasi wala mistari. Ina nukta, kistari na kimya. Kimya kati ya herufi na herufi hudumu kwa urefu wa nukta tatu, na kati ya neno na neno nukta saba. Sasa fikiria Januari, mvua imefunga, radi inapiga upande wa Kilimatinde, na kila ikipiga waya unalia wenyewe. Kisha kimya. Je, ujumbe umekwisha, au nguzo imeanguka? Kwa kusikiliza tu huwezi kujua.

Ndiyo maana idadi ilitangulia. Aliyetuma aligonga kwanza kwamba maneno ni kumi na manne, ndipo akaanza la kwanza. Babu aliandika, kisha akahesabu kwa ncha ya penseli. Yakitimia, aligonga kwamba amepokea. Yasipotimia, hakukubali ujumbe hata kama ulisomeka vizuri; aliomba urudiwe. Wengi hudhani maneno yalihesabiwa kwa ajili ya pesa, na ni kweli kwamba posta mteja alilipia kwa neno. Lakini simu za kazi za reli hazikulipiwa na mtu yeyote, na babu alizihesabu vilevile. Hesabu ile ilikuwa ya kumlinda mpokeaji.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kanuni za TCP, zinazobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, zilichapishwa Septemba 1981, na mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa soketi, yaani milango ya programu kuzungumza kupitia mtandao, ambazo sisi wa C tunazitumia mpaka leo. TCP inakuahidi mambo mawili: baiti zitafika kwa mpangilio, na hakuna itakayopotea katikati bila kujulikana. Haikuahidi kukuonyesha ujumbe unaanzia wapi na kuishia wapi. Ukituma pakiti mbili, moja ya baiti 23 na nyingine ya 40, upande wa pili zinaweza kuingia 63 kwa mkupuo, au 10 kisha 53. Ni mtiririko, kama nukta na vistari vya babu.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimeandika programu ya kupokea vipimo vya kina cha maji kutoka visimani. Ofisini, mashine mbili zikiwa meza moja, kila pakiti ilifika nzima. Huko porini, kupitia mtandao wa simu, pakiti zilikatika vipande, na programu yangu ilichukua kila kipande kuwa kipimo kamili. Visima vikaonekana kukauka usiku na kujaa asubuhi. Kosa lilikuwa langu: nilidhani read, amri ya kusoma, ikiombwa baiti 23 italeta 23. Huleta zilizopo. Lazima uizungushe ndani ya kitanzi mpaka zitimie, ukijua kwamba ikirudisha sifuri mwenzako amefunga mlango, na kama hesabu haijatimia ujumbe huo ni wa kutupa. Na write, amri ya kuandika, nayo ni hivyo hivyo. Huweza kupeleka nusu ikanyamaza.

Basi nikarudi kwa babu. Baiti nne kwanza, zenye idadi. Zikitimia zote nne, ndipo nasoma idadi hiyo, wala sizidishi hata moja. Katika baiti hizo nne kuna mtego wa pili: mashine nyingi za mezani huhifadhi baiti ndogo mbele, ilhali desturi ya mtandao ni kubwa mbele. Ukisahau kugeuza mpangilio kwa amri ya ntohl, 14 ya babu inasomeka 234,881,024.

Mpokeaji anayeitii namba hiyo ataomba kumbukumbu ya baiti zaidi ya milioni 234 kwa ujumbe wa baiti kumi na nne. Kwa hiyo idadi haiaminiwi kwa kutajwa tu. Aprili 2014 dunia ilitambua kasoro iliyopewa jina Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu iliyoandikwa kwa C na kulinda seva nyingi mno. Mtu alituma ujumbe mfupi akadai una urefu wa karibu baiti 65,535. Seva haikulinganisha dai na kilichofika, ikamrudishia urefu alioudai, ikijazia pengo kwa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, hata nywila za watu. Nilipoisoma habari ile nilikasirika kweli. Mpiga simu wa stesheni isiyo na umeme alikuwa akihesabu kila neno kabla ya kusema amepokea.

Juzi niliitoa tena ile fomu sandukuni na kuiweka karibu na taa. Ni simu ya nyumbani, si ya kazi. Bibi anakuja na treni, apokelewe saa mbili. Baada ya saa mbili, juu ya mstari, kwa herufi ndogo zilizobanwa, limeongezwa neno lililofika baada ya 13 kukatwa: usiku.