Liskov, CLU na vitanzi vyangu vilivyovunjika

Leo siasa pembeni kidogo. Nikiwa chuoni niliwahi kuandika programu ya kutunza orodha ya vipande vya magazeti. Ilikuwa safu ya kawaida, na kila sehemu ya programu ilizunguka humo kwa kuhesabu namba: sifuri, moja, mbili. Siku nilipobadili safu kuwa mnyororo, vitanzi vyote vikavunjika. Nilikesha nikihangaika na ugonjwa ambao dawa yake ilipatikana kabla sijazaliwa.

Dawa hiyo ni ya Barbara Liskov na wanafunzi wake pale MIT, Marekani. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wakiunda lugha iitwayo CLU, yenye msimamo mkali: anayetumia mkusanyiko wa data haruhusiwi kuchungulia ndani yake. Safi, lakini papo hapo likazuka swali. Kama mlango umefungwa, nitavipitiaje vitu kimoja kimoja? Ukinipa namba za kuhesabu, umeshanionyesha ramani ya nyumba. Ukininakilia vyote, umekula kumbukumbu ya kompyuta bure.

Mwaka 1975 walitembelea Carnegie Mellon, wakakuta lugha ya Alphard ina kitu kinachoitwa jenereta. Wakalichukua wazo, wakalirahisisha, wakaliita itereta. Mwenye mkusanyiko anaandika mwenyewe namna ya kupita ndani. Akifika kwenye kitu anatamka yield, anakikabidhi kwa kitanzi cha mteja, anasubiri, kisha anaendelea pale pale alipoishia. Mteja yeye anaandika for, basi.

Ajabu ni jinsi wengine walivyochelewa. Java ilitoka 1996 na Enumeration, 1998 ikaleta Iterator, lakini ni mpaka Java 5 ya 2004 ndipo klasi uliyoitunga mwenyewe ikaruhusiwa kwenye for fupi, mradi itekeleze Iterable: iwe na metodi iterator() inayorudisha kitu chenye hasNext() na next(). Python iliwahi kidogo, toleo la 2.2 la mwaka 2001, kwa __iter__ na yield yake. (Liskov naye alipewa Tuzo ya Turing ya 2008. Wapo waliouliza kwani kafanya nini!)

Ile orodha yangu niliitungia Iterable kesho yake, nikiwa na macho mekundu. Baadaye nikaubadili tena mnyororo kuwa mti. Hakuna kitanzi hata kimoja nilichokigusa.