Kwa nini monita bapa ya bei nafuu hubadilika rangi ukiinama

Haya wasomaji, leo tuache programu kando kidogo tuzungumzie kioo chenyewe tunachokikodolea macho kutwa. Sikosi mtu wa kuniuliza: "Bro, nimepata monita bapa ya bei poa huku town, ninunue?" Nami humuuliza: umeitazama ukiwa umesimama, kisha ukiwa umechutama? Wengi hucheka. Lakini ubora wa picha unajulikana hapo hapo, na sababu yake ni ya kihistoria.

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alikuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Akaona ajabu: kemikali moja aliyoitengeneza iliyeyuka mara mbili! Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ikang'aa kama maji safi. Ile hali ya katikati ndiyo fuwele kimiminika: inatiririka, lakini molekuli zake zimejipanga kama za fuwele. Ilichukua miaka 80 hivi kupata kazi ya maana. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA, Marekani, walitangaza skrini iliyoitumia.

Desemba 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Hoffmann-La Roche huko Uswisi, waliomba hataza ya mbinu tunayoiita TN. Ni rahisi kuielewa. Weka vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana kwa nyuzi 90, mwanga haupiti. Katikati weka molekuli zilizojisokota kama kamba kwa nyuzi 90. Zinaugeuza mwanga, unapita. Tia umeme, molekuli zinasimama, mwanga unazimwa. Basi!

Kwa saa na kikokotoo mbinu hii ilifaa sana: umeme kidogo, tarakimu nyeusi, na mtu huzitazama kwa ufupi tu. Shida ilianza ilipopanuliwa kuwa monita. Ili kupata kijivu, molekuli husimama nusu nusu, zimeinamia upande mmoja. Ukizitazama kutoka chini unaziona tofauti na ukiwa juu. Ndiyo maana uso wa mtu huwa mweusi ukichutama na kupauka ukisimama.

Dawa ilipatikana. Mwaka 1996 Hitachi ilileta IPS, ambamo molekuli huzunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, kwa hiyo rangi hazihami sana. Fujitsu nayo ikaja na MVA mwaka 1998, yenye weusi mzito zaidi. Lakini zilikuwa ghali. Skrini bapa zilipoenea maofisini miaka ya 2000, za bei ya chini karibu zote zilikuwa TN.

Hapo ndipo maandishi ya boksi yalianza ujanja. TN nyingi zilikuwa na hatua 64 tu kwa kila rangi ya msingi, yaani rangi 262,144. Zilizobaki zilighushiwa kwa kubadilisha haraka kati ya rangi mbili jirani, na boksi likaandika "milioni 16.2" badala ya milioni 16.7 za kweli. Pembe ya kutazama nayo ilihesabiwa hadi mweupe unapouzidi mweusi mara 10 tu. Wengine wakashusha hadi mara 5, na pembe ikapanuka bila kioo kubadilika!

Usidhani ni mambo ya wataalamu. Jamaa yangu mmoja hutengeneza kadi za harusi. Alirekebisha picha kwenye TN kuukuu, akachapisha kadi 200, na bibi harusi akatoka mwekundu kama nyanya. Gharama ya kurudia ilizidi bei ya monita.

Leo IPS imeshuka bei sana, lakini TN bado zinauzwa, hasa mitumba. Kwa hiyo dukani omba kebo na umeme. Fungua picha ya uso wa mtu, simama, chutama, sogea kando. Kisha fungua picha inayotoka mweusi hadi mweupe polepole. Ukiona mistari mistari, hatua za rangi ni chache. Mwisho weka skrini nyeusi tupu na uangalie kama taa ya nyuma inavuja pembeni.

Kwa kuandika programu na kusoma barua, TN inatosha kabisa. Kwa picha za watu, ongeza pesa kidogo. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.