Njia ya Kipindupindu, kutoka Rumonge

Kutoka soko la Rumonge, nchini Burundi, penye madumu ya mawese, nilishuka hadi Ziwa Tanganyika, wanakoanikwa dagaa waitwao ndagala. Nilikuwa nikiifuata njia waliyoipita watafiti mwaka 1992, walipokuwa wakisaka chanzo cha kipindupindu mtaa kwa mtaa.

Mkurupuko wa saba wa ugonjwa huu duniani ulianzia Indonesia mwaka 1961. Ulitua Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 ukayafikia maziwa ya Bonde la Ufa. Pale Rumonge watafiti waliwalinganisha wagonjwa na watu wenye afya. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 1997 katika jarida la Lancet, yalionyesha kwamba waishio mitaa ya ufukweni ndio walioumia zaidi, na kwamba hatari ilikuwa katika kuoga ziwani na kunywa maji yake. Bakteria mwenyewe wa kipindupindu alinaswa humo ziwani wakati watu wakiugua.

Njia haikuishia majini. Mwaka 1996, huko Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos waligundua kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na kirusi, CTX, kilichojipachika ndani ya bakteria. Bakteria asiye na sumu akiambukizwa nacho, huipata.

CTX ni cha jamii ya virusi vyembamba kama uzi. Virusi vingine vya jamii hiyo, fd na Pf1, vilikwisha kumulikwa kwa leza na George Thomas na wenzake katika miaka ya 1980. Walitumia kanuni aliyoigundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928: mwanga ukigonga molekuli, sehemu yake ndogo hutawanyika ikiwa imebadilika rangi, kulingana na mtikisiko wa molekuli hiyo. Kwa kuyapima mabadiliko hayo, mtafiti hutambua DNA imejikunja vipi ndani ya ganda la protini, bila kulipasua.

Elimu hii naiheshimu sana, kwani inatufikisha pale sumu inapoanzia. Lakini jeni za kirusi hazimdhuru mtu mpaka bakteria azifikishe tumboni mwake, na Rumonge bakteria huyo alipitia maji ya ziwa. Kwa hiyo mitaa ya ufukweni inastahili maji safi ya bomba kabla ya mitaa mingine yote. Ushahidi wake umekuwapo tangu 1992.