Matumbawe ya Sodwana, mahali maji yanapoanza kuwa baridi

Kila tunapozungumzia kupauka kwa matumbawe, swali hili hurudi: bahari ikizidi kupata joto, kwa nini matumbawe yasihamie kusini kwenye maji baridi, au yashuke chini zaidi? Mahali pazuri pa kutafuta jibu ni Sodwana Bay, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Hapo miamba ya matumbawe ya pwani ya mashariki ya Afrika inakaribia kuishia.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Kwa hiyo anahitaji joto, na anahitaji mwanga. Maji yakikaa chini ya nyuzi joto 18 hivi kwa muda mrefu, aina nyingi hushindwa kujenga mwamba.

Sodwana haifiki huko. Mkondo wa Agulhas huleta maji ya uvuguvugu kutoka upande wa Msumbiji, na hata wakati wa baridi bahari huwa na nyuzi joto 22 hivi. Lakini ujenzi tayari ni wa shida. Jiwe lenyewe si kazi ya matumbawe: ni matuta ya mchanga wa kale yaliyogeuka mwamba, kisha yakafunikwa bahari ilipopanda. Matumbawe yamejipaka juu yake kama lipu juu ya ukuta, na mengi ni yale laini yasiyojenga. Usitarajie kuona mwamba ukijitokeza maji yakipwa, kama tulivyozoea Unguja au Mombasa. Yote yako chini, mengi kati ya mita 8 na 35.

Jirani na miamba hiyo kuna mabonde makubwa ya chini ya bahari, na maji baridi hupanda kutoka humo. Ni katika bonde moja, la Jesser, ambako wazamiaji walimkuta silikanti akiwa hai mwaka 2000, kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Wavuvi wa Tanga wanamjua samaki huyo wa kale. Naye hunaswa kwenye majarife yanayotegwa maji ya kina.

Mwaka 1998, joto lilipoua matumbawe mengi Kenya, Tanzania na visiwa jirani, Sodwana iliguswa kidogo tu. Ndipo matumaini yalipoanza kwamba huko kuna kimbilio. Miaka miwili baadaye, joto lilipopanda tena, na yenyewe yalipauka kwa kiasi.

Na huko chini zaidi? Kuanzia mita 30, yaani kama pima 16, mwanga hupungua haraka. Matumbawe yanayoweza kuishi hapo hujitandaza bapa kama ungo ili kunasa mwanga mdogo uliopo, na hukua polepole mno. Mengi ni ya aina nyingine kabisa, si yale yanayopauka huku juu. Anayeishi mita 5 hawezi tu kushuka akapona. Kusini nako jua la majira ya baridi ni hafifu, kwa hiyo hata bahari ikipata joto, mwanga bado utaweka mpaka.

Kwa wavuvi wa Tanzania na Kenya, sisi tunaona jambo zito zaidi ni mkondo. Vichanga vya matumbawe huelea na maji kabla ya kushika mwamba. Mkondo wa Agulhas huyasukuma maji kusini, na ule wa pwani yetu huelekea kaskazini; njia zao hutengana karibu na kusini mwa Tanzania. Hata Sodwana ikibaki salama, mbegu yake haiji huku. Miamba ya Mafia au Kisite itajazwa upya na matumbawe yaliyopona hapo hapo, au ya jirani walio upande mkondo unakotoka.